Saa 156 za Nyumbani: Hatua za Kudhibiti Matatizo ya Mgonjwa wa Usafishaji Damu na Aliyepandikizwa Figo

Wiki ina saa 168. Mgonjwa anayesafishwa damu mara 3 kwa wiki, saa 4 kila mara, hukaa kwenye mashine saa 12 tu. Saa 156 zilizobaki anaziishi nyumbani: jikoni, kitandani, kwenye daladala, kwenye dirisha la duka la dawa. Maji yanayombana kifua usiku wa Jumapili hayakuingia mwilini hospitalini. Yaliingia kikombe kwa kikombe hapahapa Kirumba, Mwanza. Mwongozo huu unahusu saa hizo 156. Unamhusu pia aliyekwisha kupata figo mpya, ambaye karibu saa zake zote 168 ni za nyumbani.

Fuata hatua kwa mpangilio. Usiruke hatua kwa sababu mgonjwa anaonekana mzima. Namba ya daktari wako ikitofautiana na namba iliyoandikwa humu, futa ya humu, andika ya daktari.

Maneno yanayotumika

- *Usafishaji damu*: kazi ya mashine kuondoa taka na maji ya ziada kwenye damu. Mtaani husemwa "kusafisha figo". Kinachosafishwa ni damu, figo haiguswi.
- *Kikao*: muda mmoja wa mgonjwa kwenye mashine, kwa kawaida saa 4.
- *Kitengo*: wodi ya usafishaji damu au kliniki ya figo inayomhudumia mgonjwa wako.
- *Uzito mkavu*: uzito wa mgonjwa akiwa hana maji ya ziada. Hupangwa na daktari.
- *Ongezeko*: uzito wa leo ukiondoa uzito mkavu.
- *Fistula*: mshipa wa mkononi uliounganishwa na ateri kwa upasuaji ili sindano za mashine ziingie hapo.
- *Katheta*: mrija laini ulioingizwa kwenye mshipa mkubwa, mara nyingi shingoni, kwa kazi hiyohiyo.
- *Figo mpya*: figo iliyopandikizwa.
- *Msimamizi*: wewe, unayeishi na mgonjwa na kufuata mwongozo huu.
- *Dharura*: hali ya kuondoka kwenda hospitali sasa hivi, bila kusubiri asubuhi wala siku ya kikao.

## Sehemu ya Kwanza: Maandalizi (wagonjwa wote)

Hatua ya 1. Kusanya vifaa.

- Mzani wa dijitali wa kusimama, unaosoma hadi gramu 100: 1.
- Mashine ya presha ya mkono wa juu: 1.
- Kipimajoto cha dijitali: 1.
- Jagi la lita 1 lenye alama za mililita: 1.
- Chombo chenye kifuniko cha kukusanyia mkojo, lita 2: 1.
- Gozi safi zilizofungwa: pakiti 10. Plasta: 1.
- Kauntabuku 1 na kalamu ya wino. Kuanzia hapa inaitwa *daftari*.

Weka mzani juu ya sakafu ya saruji, si juu ya zulia wala mkeka. *Hakiki:* uwekee mfuko wa unga wa kilo 10 ambao haujafunguliwa. Ukisoma kati ya 9.9 na 10.2, mzani unafaa. Ukisoma nje ya hapo, urudishe dukani.

Hatua ya 2. Andika ukurasa wa 1 wa daftari. Andika kwa herufi kubwa: jina na umri wa mgonjwa, aina ya tiba (usafishaji damu au figo mpya), siku za vikao, uzito mkavu na tarehe uliyopangwa, mkono wenye fistula au upande wenye katheta au figo mpya, dawa zote, kipimo chake na saa zake, dawa zinazomdhuru, namba ya simu ya kitengo, namba ya simu ya dereva wa bajaji au teksi anayekubali kuamshwa usiku. Bandika kadi ya kliniki na nakala ya kadi ya bima ndani ya jalada. *Hakiki:* piga namba zote mbili leo. Namba isiyopokelewa haihesabiwi. Tafuta nyingine.

Hatua ya 3. Pima njia ya dharura. Hospitali ya rufaa ya Kanda ya Ziwa ni Bugando, juu ya kilima, upande wa pili wa katikati ya jiji ukitokea Kirumba. Uliza kitengo chako swali hili moja: "Dharura ikitokea saa 8 usiku, tuje mlango gani?" Andika jibu kwenye ukurasa wa 1. Safiri njia hiyo mara moja usiku, ukihesabu dakika tangu mlango wa nyumba hadi mlango wa hospitali. Kama mgonjwa anatoka kisiwani, kwa mfano Ukerewe, panga afike mjini siku moja kabla ya kikao, kwa kuwa upepo wa ziwani haujali ratiba ya mashine. *Hakiki:* idadi ya dakika imeandikwa.

## Sehemu ya Pili: Mgonjwa wa usafishaji damu

Hatua ya 4. Pima uzito kila asubuhi. Pima baada ya choo, kabla ya chai, kwa nguo nyepesi zilezile, miguu mitupu. Andika tarehe, uzito na ongezeko kwenye mstari mmoja. Mfano: uzito mkavu kilo 60.0, leo 61.3, ongezeko 1.3. *Hakiki:* ongezeko la siku moja likizidi kilo 1, nenda hatua ya 6 na ya 7 siku hiyohiyo, utafute lilikotokea.

Hatua ya 5. Kokotoa mpaka wa ongezeko. Zidisha uzito mkavu kwa 0.04. Kwa kilo 60, jibu ni kilo 2.4. Hicho ndicho kiasi kisichopaswa kuvukwa kati ya kikao na kikao.

Sababu ni hii: mashine ikivuta maji kwa kasi inayozidi mililita 13 kwa kila kilo ya mwili kwa saa, moyo huumia na presha huporomoka. Kwa mtu wa kilo 60 katika saa 4, kasi hiyo ni sawa na lita 3.1. Aliyekuja na lita 4 analazimisha moja kati ya mawili: avutwe kwa kasi ya hatari, au arudi nyumbani na maji yaliyobaki.

Pengo refu la wiki, yaani siku mbili mfululizo bila kikao, ndilo lenye hatari kubwa zaidi. Kwa anayesafishwa Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, pengo hilo huangukia Jumamosi na Jumapili, siku za wageni, misiba na sherehe. *Hakiki:* mpaka umeandikwa kwenye ukurasa wa 1 kwa wino mwekundu.

Hatua ya 6. Gawa maji ya siku.

a) Pima mkojo wa saa 24. Saa 1 asubuhi mgonjwa akojoe na kuumwaga huo wa kwanza. Kuanzia hapo kusanya wote, hadi na pamoja na wa saa 1 asubuhi ya kesho. Soma mililita.

b) Ongeza 500. Mfano: mkojo 200, maji ya siku ni mililita 700. Asiyekojoa kabisa hupata 500.

c) Jaza jagi kwa kiasi hicho kila asubuhi. Kila mgonjwa anapotumia chai, uji, mchuzi, soda, barafu au maji ya kumezea dawa, mimina kiasi kilekile kutoka kwenye jagi. Jagi likikauka, maji ya siku yameisha. Tikiti maji nalo lihesabu kama kinywaji.

d) Mpe kikombe kidogo cha mililita 100 badala ya glasi kubwa. Kinywa kikikauka, asukutue na kutema.

Rudia (a) kila mwezi, kwa sababu mkojo hupungua kadiri miezi inavyokwenda. *Hakiki:* jagi limeisha baada ya jua kuzama, si kabla ya saa 6 mchana.

Hatua ya 7. Pima chumvi. Chumvi yote ya siku isizidi gramu 5, yaani kijiko 1 cha chai kilichosawazishwa, pamoja na ile iliyomo ndani ya vyakula. Chumvi huleta kiu, na kiu hushinda mwongozo wowote wa maji. Pika chakula cha nyumba bila chumvi, toa sehemu ya mgonjwa, ndipo uongeze chumvi kwa wengine.

Kwa kuwa soko la samaki la Mwaloni liko jirani, fuata mgawanyo huu:

- *Sato au sangara mbichi*: mpe. Mashine hupoteza protini, na mgonjwa anahitaji gramu 1.0 hadi 1.2 kwa kila kilo ya mwili kwa siku. Minofu ya gramu 100 ina takribani gramu 20.
- *Kayabo* (samaki aliyekaushwa kwa chumvi): usimpe. Kuloweka hakuondoi chumvi yote.
- *Dagaa wakavu*: mpe kidogo, si kila siku. Huliwa pamoja na mifupa, na mifupa imejaa fosforasi, ambayo mashine huiondoa kwa shida. Fosforasi ikilundikana, ngozi huwasha na mifupa hudhoofika. Dawa ya kuzuia fosforasi imezwe pamoja na tonge za kwanza. Ikimezwa tumbo likiwa tupu haifanyi kazi hiyo.
- *Viungo vya pakiti vya mchuzi*: usitumie.
- *Chumvi mbadala inayouzwa kama ya wagonjwa wa presha*: usitumie kamwe. Nyingi hutengenezwa kwa potasiamu. Soma hatua ya 8.

*Hakiki:* kijiko cha chumvi cha mgonjwa kiko peke yake, kwenye kopo lenye jina lake.

Hatua ya 8. Punguza potasiamu. Potasiamu ya damu inatakiwa kuwa takribani 3.5 hadi 5.0. Ikivuka 6.0 ni hatari, ikivuka 6.5 moyo unaweza kusimama, na huenda mgonjwa asihisi lolote kabla.

Ondoa: ndizi mbivu, ndizi za kupika, parachichi, machungwa na juisi yake, nyanya ya kopo, michembe na matobolwa. Hivi viwili vya mwisho hukera kuviacha katika nyumba ya Kisukuma, lakini kiazi kitamu kilichokaushwa kimepoteza maji na kubaki na potasiamu yote.

Viazi na mboga zinazoruhusiwa, ziandae hivi:

a) Menya, kata vipande vya unene wa milimita 3.
b) Suuza, kisha loweka saa 2 kwenye maji ya uvuguvugu, sehemu 10 za maji kwa sehemu 1 ya mboga.
c) Mwaga maji, suuza tena.
d) Chemsha kwenye maji mapya, sehemu 5 kwa 1. Yamwage, usiyafanye mchuzi.

Wali na ugali wa mahindi havihitaji kulowekwa. *Hakiki:* maji yamemwagwa mara mbili.

Hatua ya 9. Kagua fistula asubuhi na usiku. Weka ncha za vidole 3 juu ya kovu. Unapaswa kuhisi mtetemo mfululizo, kama simu iliyoondolewa mlio. Kisha tazama ngozi: uvimbe unaokua, ngozi nyembamba inayong'aa, kidonda kisichopona mahali pa sindano, wekundu au usaha.

- Mtetemo umepotea: usisugue, usikande kwa maji ya moto. Piga simu kitengo na uende siku hiyohiyo, kwa kuwa damu iliyoganda huondolewa kwa urahisi zaidi ikiwa bado mpya.
- Kidonda au ngozi inayong'aa juu ya uvimbe: ni dharura, hata kama haitoi damu. Hapo ndipo panapopasuka.

Mkono huo usipimwe presha, usichomwe sindano ya dripu, usivishwe saa wala bangili ya kubana, usibebe ndoo, usilaliwe. *Hakiki:* alama mbili za vema kwenye daftari kila siku.

Hatua ya 10. Linda katheta. Bandeji ibaki kavu. Mwogeshe kwa kitambaa kuanzia kifuani kwenda chini, wala asiingie ziwani. Katheta hufunguliwa na wauguzi wa kitengo peke yao. Zahanati isiitumie kuweka dripu wala kutoa damu.

- Kizibo kimedondoka: hakikisha kibano cha mrija kimefungwa, kisha nenda hospitali sasa hivi. Mgonjwa akianza ghafla kukosa pumzi, mlaze ubavu wa kushoto, kichwa kikiwa chini kuliko miguu, katika safari nzima.
- Katheta imechomoka: weka gozi juu ya tundu, bana kwa nguvu bila kuachia, nenda. Usijaribu kuirudisha.

*Hakiki:* kila asubuhi, vizibo 2 vipo, vibano 2 vimefungwa, bandeji ni kavu.

Hatua ya 11. Simamia siku ya kikao.

*Kabla.* Mpe muuguzi daftari, umwoneshe ongezeko. Dawa za presha za asubuhi zimezwe au ziachwe kama daktari alivyoagiza. Usiamue mwenyewe.

*Wakati.* Mfundishe mgonjwa kusema mapema. Miayo mfululizo, jasho la baridi, kichefuchefu au macho kuingiwa giza ni dalili za presha kushuka. Muuguzi atamlaza, atapunguza kasi ya kuvuta maji au kurudisha maji ya chumvi kidogo. Misuli ikikaza, aseme. Katika vikao vya mwanzo, kichwa kuuma sana, kutapika au kuchanganyikiwa kuripotiwe papo hapo. Maumivu ya kifua hayasubiri kikao kiishe.

*Baada.* Akae dakika 15. Mpime presha akiwa ameketi, kisha amesimama. Akipata kizunguzungu, arudi kitini, muuguzi aitwe. Usimpakie bodaboda kushuka kilima cha Bugando. Tumia bajaji au kiti cha daladala. *Hakiki:* uzito baada ya kikao umeandikwa. Kama haukufika uzito mkavu, umeuliza kwa nini.

Hatua ya 12. Zuia damu inayotoka. Dawa ya kuzuia damu kuganda, heparini, hubaki mwilini saa kadhaa baada ya kikao.

a) Weka gozi 1 juu ya tundu, bana kwa vidole 2 dakika 10 kamili kwa saa. Usichungulie katikati.
b) Ikiendelea, bana dakika 10 nyingine.
c) Ikiendelea baada ya jumla ya dakika 20, nenda hospitali ukiendelea kubana.

Damu ikiruka kwa nguvu, usihesabu dakika: ni dharura. Bana hapohapo kwa vidole, inua mkono juu ya usawa wa moyo, ita msaada. Usirundike taulo juu yake, kwa kuwa huficha damu bila kuizuia. Usifunge mkono kwa kanga.

Hatua ya 13. Shughulikia kifua kinachobana. Dalili ni kukosa pumzi akilala, kukohoa usiku, miguu kuvimba. Bonyeza mbele ya mfupa wa ugoko kwa kidole gumba sekunde 10. Shimo likibaki, maji yamezidi. Miguu ikivimba lakini pumzi iko sawa, piga simu kitengo. Pumzi ikikatika hata akiwa ameketi, ni dharura: mketishe wima, miguu ining'inie chini, simamisha vinywaji vyote, nenda. Usimlaze ndani ya gari.

Hatua ya 14. Shughulikia dalili za potasiamu. Miguu kulegea ghafla, moyo kurukaruka au kwenda polepole mno, ganzi kuzunguka midomo, hasa mwishoni mwa pengo refu: ni dharura. Hakuna dawa ya nyumbani. Mlangoni sema sentensi hii kama ilivyo: "Ni mgonjwa wa usafishaji damu, kikao cha mwisho kilikuwa siku fulani, tunahofia potasiamu imepanda, tunaomba kipimo cha umeme wa moyo sasa." Hospitali huweza kutoa kalisi ya mshipani kuulinda moyo, kisha insulini pamoja na glukosi, na mwishowe mashine. Usijaribu insulini ya jirani nyumbani.

Hatua ya 15. Fidia kikao kilichokosekana. Usisubiri zamu inayofuata. Piga simu kitengo saa hiyohiyo uombe nafasi ya karibu. Tangu wakati huo hadi akae kwenye mashine: maji ya siku yasizidi mililita 500, matunda hapana, chumvi hapana. Kauli ya "anajisikia vizuri" si kipimo. Mzani ndio kipimo.

## Sehemu ya Tatu: Mwenye figo mpya

Upandikizaji wa figo ulianza kufanyika nchini katika Hospitali ya Taifa Muhimbili mwaka 2017, kisha Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, mwaka 2018. Kabla ya hapo wagonjwa walisafiri nje, wengi India. Kwa mkazi wa Kirumba, Dodoma iko zaidi ya kilomita 600, Dar es Salaam zaidi ya 1,000. Madaktari waliopandikiza hawamwoni mgonjwa wako kila siku. Macho yao ni daftari lako.

Hatua ya 16. Pangilia dawa za kulinda figo mpya. Dawa hizi, mara nyingi takrolimasi, mikofenoleti na prednisoloni, huuzuia mwili usiishambulie figo ngeni. Dawa ya mara 2 kwa siku imezwe kila baada ya saa 12. Saa ya Kiswahili hurahisisha: saa 1 asubuhi, saa 1 usiku, namba ileile. Weka kengele 2 kwenye simu.

- Dozi ikisahauliwa: piga simu kitengo. Usimpe dozi 2 kwa pamoja.
- Akitapika baada ya kumeza: andika ni baada ya dakika ngapi, piga simu.
- Akiharisha: piga simu siku hiyohiyo, kwani takrolimasi huweza kupanda kwenye damu.
- Siku ya kipimo cha takrolimasi: dozi ya asubuhi isimezwe hadi damu itolewe. Ibebe mkononi, aimeze baada ya kutolewa.
- Kampuni iliyotengeneza dawa ikibadilika kwenye pakiti: usimpe hadi kitengo kiidhinishe.

*Hakiki:* kila Jumamosi hesabu vidonge. Vikibaki vya siku 14, nunua au agiza leo.

Hatua ya 17. Pima vitu 4 kila siku. Uzito, joto, presha na mkojo wa saa 24 (kwa utaratibu wa hatua ya 6a, kwa muda ambao kitengo kitataka). Piga simu siku hiyohiyo ukiona lolote kati ya haya: uzito umepanda kilo 1 kwa siku, mkojo umepungua hadi nusu ya kawaida yake, presha imevuka namba aliyoiandika daktari, kuna maumivu au uvimbe juu ya figo mpya. Figo mpya haiko mgongoni. Iko mbele, chini ya tumbo, karibu na nyonga, penye kovu. Gusa hapo.

Hatua ya 18. Linganisha kriatinini, kipimo cha damu kinachoonesha kazi ya figo. Figo mpya huweza kukataliwa na mwili bila maumivu yoyote. Ndiyo maana kliniki haikosekani hata mgonjwa akiwa mzima.

a) Andika kriatinini ya kawaida ya mgonjwa, aliyoitaja daktari. Mfano: mikromoli 110 kwa lita.
b) Zidisha kwa 1.25. Jibu: 137.5. Huo ndio mpaka.
c) Kila jibu jipya, soma kwanza kipimio. Maabara ikiandika miligramu kwa desilita, zidisha kwa 88.4 kabla ya kulinganisha.
d) Jibu likivuka mpaka, piga simu kitengo siku hiyohiyo. Usisubiri tarehe ya kliniki.

Hatua ya 19. Zuia maambukizi. Dawa za hatua ya 16 hupunguza pia kinga dhidi ya vijidudu. Maji ya kunywa yachemshwe. Mgonjwa asiingie ziwani hata kwa kunawa miguu, kwa sababu kichocho huingilia kwenye ngozi. Alale kwenye chandarua. Nyama na samaki waive hadi ndani. Anayekohoa ndani ya nyumba apimwe kifua kikuu. Mgonjwa mwenyewe akikohoa, aripoti bila kusubiri. Asipewe chanjo yenye kirusi hai, kama ya homa ya manjano au surua.

## Sehemu ya Nne: Wagonjwa wote

Hatua ya 20. Shughulikia homa. Joto la 38.0 au zaidi, au kutetemeka kwa baridi hata bila joto, ni dharura kwa mwenye katheta na kwa mwenye figo mpya. Mwenye fistula apige simu saa hiyohiyo. Mwanza ina malaria, kwa hiyo kipimo chake kifanyike. Lakini malaria ikionekana, haifuti uwezekano wa vijidudu kwenye katheta. Mtu anaweza kuwa na vyote viwili. Omba damu ya kuotesha vijidudu ichukuliwe kabla ya dozi ya kwanza ya antibayotiki. Usianze antibayotiki iliyobaki kabatini.

Hatua ya 21. Kagua kila dawa kabla haijamezwa. Dukani taja ugonjwa kwanza, maumivu baadaye: "Ana tatizo la figo."

- Usinunue kwa maumivu: diklofenaki, ibuprofeni na jamii yake.
- Kwa mwenye takrolimasi, hizi huipandisha: erithromaisini, klarithromaisini, flukonazoli, na tunda la balungi. Hizi huishusha: rifampisini, fenitoini, kabamazepini. Daktari akilazimika kuzitumia, hupima damu na kurekebisha dozi.
- Mitishamba: usimpe, hata kama imeletwa na mama mkwe kwa mapenzi yote. Mshukuru, uiweke kando. Hakuna anayejua ina potasiamu kiasi gani.

Mwombe mfamasia wa kitengo ayaandike majina haya kwenye daftari kama yanavyosomeka kwenye pakiti. *Hakiki:* dawa isiyokuwa kwenye ukurasa wa 1 haimezwi kabla ya simu.

Hatua ya 22. Jaribu daftari kila Jumapili jioni. Mpe daftari ndugu mwingine wa nyumba, shemeji au kijana wa kidato cha pili, mtu yeyote anayejua kusoma. Toka nje ya chumba. Ajibu maswali 5 bila kukuita:

1. Uzito mkavu au kriatinini ya kawaida ni ngapi, na mpaka wake ni upi?
2. Mkono gani hauguswi, au figo mpya iko upande gani?
3. Dawa inayofuata ni ipi na saa ngapi?
4. Dereva wa usiku ni nani, namba yake ni ipi?
5. Tukifika hospitali saa 8 usiku, tunaingilia mlango gani?

Akijibu yote, unaweza kulala, hata kusafiri. Akikwama kwenye swali hata moja, kosa si lake, bali ni la ukurasa. Rudi hatua ya 2, uuandike upya usiku huohuo.